Vumbi la mbao la bure bandani? Mkuu, simamisha hiyo Fuso

Mkuu, dereva mpigie leo, usisubiri Jumamosi. Una ng'ombe wanne, umepewa vumbi la mbao bure, utalitandika bandani na Desemba mbolea iingie kwenye mahindi.

Mimi niko Mafinga, huku vumbi la paina ni vilima. Mtaalamu mmoja wa semina alitwambia tutandike, eti linanyonya mkojo na naitrojeni (kile chakula kinachoyapa mahindi ukijani) haipotei. Kunyonya linanyonya kweli. Banda likakauka, ile amonia ya kuchoma macho ikaisha, nikajiona profesa.

Asichosema (posho alishapokea) ni kwamba samadi ina kaboni kama 20 kwa naitrojeni 1, mabua ya mahindi 60 hivi, vumbi la mbao 200 hadi 500! Bakteria hawawezi kuila kaboni yote hiyo bila naitrojeni. Wakimaliza ya kwenye samadi wanahamia ya udongoni, mahindi yako yanabaki kulamba sahani.

Lundo langu lilikaa miezi miwili. Jeusi, linapendeza, nikalimwaga ekari moja na nusu. Wiki ya nne majani ya chini yakaanza unjano nchani, ukashuka na uti wa jani kama V. Mke wangu akauliza, kwa upole kabisa, kama nimepanda jezi za Yanga. Jirani, ambaye hata semina hakuja, ng'ombe wake wanalalia mabua, na mahindi yake yalikuwa kijani cha kukaribia weusi. Nikakopa yurea mifuko mitatu, nikachelewa. Gunia 6. Msimu wa nyuma yake nilivuna 21. Mwaka ule hata hindi la kuchoma sikula, hasira tu.

Kwa hiyo chukua konzi ya mbolea, isugue kiganjani. Ukihisi chenga za mbao, au ukinusa utomvu, haijaiva, irudishe. Sijali imekaa miezi mingapi. Lundo langu lililobaki nililigeuza kila mwezi, naongeza kinyesi kibichi na mkojo, likachukua mwaka na miezi miwili chenga kupotea. Wewe Desemba utaipatia wapi?

Tandika mabua, yakatekate yasizidi kiganja. Kama huna njoo PM, yule jirani anauza tela zima kwa bei ya chai. Ila usimwambie ni mimi niliyekutuma, bado ananicheka.