Pikapu ya zamani, tela na mlima mkali: usikimbilie kubadilisha injini

Mkuu, umeuliza ufunge turbo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) au utafute injini kubwa, maana pikapu yako ya dizeli ya miaka ya tisini inachemsha kila ukipanda mlima mrefu na tela la tani moja na nusu nyuma. Swali hilo limenitesa miaka kadhaa. Yangu ni ya umri huohuo: dizeli ya lita 2.8, haina turbo, gia tano za mkono, nguvu za farasi 90 hivi siku ilipotoka kiwandani. Ushauri wangu: usifunge kitu kwanza. Shida yako ni joto lisilopata pa kutokea, na turbo itakuongezea joto lingine juu yake.

Tupige hesabu kidogo. Gari na mzigo wake tani 2, tela tani 1.5, jumla 3.5. Chukua mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 6. Kuunyanyua uzito huo peke yake kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kunakula farasi 62. Weka upepo na matairi, farasi 30 nyingine hivi. Umeshafika 90 na zaidi, na injini iliyochoka kama yangu haina hizo hata ikiwa tambarare. Lakini ukipanda na 50, hesabu nzima inashuka hadi farasi 50 na kitu. Tela ni lilelile na mlima ni uleule, ila kazi imepungua karibu nusu, na joto linaloingia kwenye maji nalo linapungua. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana huko juu unaona moshi mweusi kwenye kioo: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Ukiona hivyo punguza mguu kidogo, maana hiyo dizeli ya ziada inakupa moto na masizi tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kung'ang'ania gia. Nilikuwa nafika mguu wa mlima na 80, gia ya nne, nakanyaga hadi sakafuni, gari inanyong'onyea hadi 50, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,600, injini inagugumia kama mtu aliyebeba gunia akapigwa swali. Nilidhani naihurumia. Kumbe pampu ya maji na feni vyote vinazungushwa na injini hiyohiyo. Kwa RPM 1,600 maji yanazunguka polepole na feni inapuliza kivivu, wakati huohuo mafuta yanamwagwa hadi mwisho. Gia ya tatu kwa mwendo huohuo ni kama RPM 2,300. Kelele ni nyingi, lakini maji yanakimbia, feni inavuta, na mguu unabaki na nafasi. Siku hizi narudi tatu kabla barabara haijanyanyuka, nikiwa bado na mwendo. Ukisubiri injini ikuombe gia, umechelewa. Gia ya tano nayo isahau kabisa ukiwa na tela, hata kwenye tambarare. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii ya nne ndiyo inayopitisha nguvu moja kwa moja, na ya tano ina meno membamba ambayo hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama yako ni otomatiki, zima ile O/D (overdrive, yaani gia nyepesi ya mwisho).

Sasa nikuambie lililonipata, usije ukalirudia. Siku moja katikati ya mlima mshale wa temperecha ulipanda hadi karibu na nyekundu, halafu ghafla ukashuka hadi chini kabisa. Nikafurahi! Nikasema thamostati, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kupozwa, imefunguka, nikaendelea kukanyaga. Maji yalikuwa yameisha. Sensa hupima maji. Ikibaki kwenye mvuke au hewa inaweza kusoma baridi huku silinda hedi (kichwa cha injini) ikipikwa. Nililipia gasketi ya hedi na kuisawazisha hedi yenyewe. Mshale ukianguka ghafla mlimani, simama na uzime hapohapo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki mbili baada ya kufungwa gasketi mpya, gari ilichemsha tena mlima uleule. Fundi akaanza wimbo wa kubadilisha injini. Nilikuwa karibu kukubali, mpaka mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori aliposhika feni, injini ikiwa imezimwa na ya moto, akaisukuma kwa kidole. Ilizunguka kama pia ya mtoto. Klachi ya feni, ile ya katikati yenye mafuta ya silikoni, ilikuwa imekufa. Kazi yake ni kukaza feni pale hewa inayotoka kwenye rejeta (kipoza maji cha mbele ya injini) inapokuwa ya moto. Ikiwa nzima, kwenye injini ya moto feni inakupinga na haiendi mbali ukiisukuma. Yangu ilikuwa inapuliza vya kutosha mjini na tambarare, kwa hiyo hakuna aliyeishuku.

Rejeta nayo ndivyo ilivyo. Inaweza kuwa imeziba nusu na usijue hadi siku ya mlima. Pasha injini, izime, hakikisha feni imesimama, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kugusa. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya joto, mirija ya hapo imeziba. Usisahau nafasi kati ya rejeta na kondensa (kipoza gesi) ya AC: humo nilitoa wadudu, majani na tope la kutosha kupanda mchicha. Safisha kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini, mapezi yasilale.

Kuna kitu kidogo kinachodharauliwa: kifuniko cha rejeta. Kile chenye alama ya presha 0.9 kinayawezesha maji kuchemka karibu nyuzi 119 badala ya 100. Raba yake ikichoka, unapanda mlima na sufuria lisilo na mfuniko. Kibadilishe bila kujadiliana. Na usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kama una kitambaa kinene na haraka.

Ukiwa njiani mshale ukianza kupanda, zima AC, washa hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi ya juu, shusha vioo. Utatoka jasho, ila hita ni rejeta ndogo ya pili. Kama haitoshi, tafuta pa kusimama, weka kabari kwenye magurudumu ya tela, acha injini iungurume RPM 1,200 hivi kwa dakika chache kabla ya kuzima, mradi maji bado yamo. Ukizima papo hapo joto lililo kwenye chuma linabaki na maji yaliyosimama.

Kuna wanaoshauri upande kwa gia nzito (low) ya four-wheel, magurudumu yote manne yakivuta. Kwenye lami kavu usifanye. Pikapu hizi nyingi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo mbele na nyuma vinafungwa pamoja, na kwenye kona kitu lazima kikatike au tairi iteleze. Lakini kama una habu za kuzungusha kwa mkono, zile za kufunga magurudumu ya mbele, ziache zikiwa zimefunguliwa kisha weka low: nguvu inakwenda nyuma tu. Mimi naitumia kurudisha tela nyuma kwenye mwinuko au kuondokea mahali pagumu, na klachi imepona sana. Kwa mlima wa kilomita kumi haikufai, utafika kesho.

Pima pia uzito unaokalia kiungio cha tela. Kwa tela la kawaida la ekseli ya katikati mimi nalenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwako kilo 150 hadi 225, mradi haipiti kiwango kilichoandikwa kwenye kiungio na kwenye kitabu cha gari. Ikiwa pungufu, tela litaanza kucheza mkia ukishuka. Ikizidi, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi.

Kushuka ndiko kunakonitisha zaidi, ingawa hujauliza. Tela lako lina breki zake? Ulaya tela lisilo na breki linaishia kilo 750, na lako ni mara mbili ya hapo. Shuka na gia uliyopandia, au pungufu. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, achia, acha zipoe. Usiziegemee mguu muda wote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: kiwango cha yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya ni kuchemka kuanzia nyuzi 205, yakishalowa kinaanguka hadi 140. Yakichemka, mvuke unabanika na pedeli inakwenda sakafuni. Yabadilishe kila miaka miwili.

Anza na feni na kifuniko, mkuu, kisha urudi hapa utuambie feni ilizunguka mara ngapi baada ya kuisukuma, na kama mpira wa chini wa rejeta unanyonyeka ukipandisha RPM. Ukinyonyeka, nao ni wa kutupa.