Hizo dola mnazonihesabia

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi. Voisi zote za juzi nimezisikiliza, ya shangazi, ya ba'mdogo na ile ndefu ya kaka yangu wa Chumbageni, nimezisikiliza mara mbili mbili kwenye basi, na nimekaa siku mbili nisijibu maana nlijua nikijibu palepale ntakosa adabu. Leo najibu. Mnachosema ni kwamba nimetoka Austria nimefika Marekani, nasoma bure, chuo kimenipa kazi ya dola 20 kwa saa, nimepiga picha na gari jekundu, halafu Bibi anatakiwa laki nne na nusu ya upasuaji wa mtoto wa jicho na mimi niko kimya. Ba'mdogo akamalizia na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ba'mdogo, hilo neno limeniuma, na ndo limenifanya niandike yote haya.

Gari ni la rumeti wangu. Ana miaka 20 na anadaiwa mkopo wa chuo dola elfu 27, bado hajamaliza, na hapa hilo ni jambo la kawaida kabisa, nchi nzima wanadaiwa mikopo ya serikali ya masomo kama dola trilioni 1.6. Nimesimama mbele ya gari nikapigwa picha kwa sababu lilikuwa limefunikwa na theluji nusu na nlitaka wadogo zangu waone theluji. Basi.

Kusoma bure ni kweli na si kweli. Mimi niko kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, chuo changu cha Graz, kule Austria, kinaleta mtu huku Minneapolis na cha huku kinapeleka mtu wao Graz, kila mmoja anabaki kulipa ada ya kwao. Kwa kuwa nina paspoti ya Austria, kule silipi ada, nalipa kama euro 25 kwa semesta za umoja wa wanafunzi, ndo hiyo bure yenu. Lakini chumba na chakula cha huku hakuna anayekubadilishia, ni karibu dola 6,500 kwa semesta moja, na bima ya afya ni lazima uwe nayo, yangu imepita dola 1,000. Kabla sijapanda ndege nlikuwa nshalipa dola 185 za viza na 220 za kusajiliwa kwenye mtambo wao wa wanafunzi wa kigeni. Ruzuku ya wanafunzi kutoka Austria inabeba sehemu. Sehemu nyingine anabeba Mama, hukohuko Austria aliko. Nyingine nabeba mimi kwa hiyo kazi mnayoisema, na hiyo kazi hamjaniuliza ni kazi gani.

Naosha vyombo. Bwalo la wanafunzi lina chumba cha nyuma hakina dirisha, ndani kuna mkanda unatembea wenyewe kama ule wa mabegi uwanja wa ndege, wanafunzi wanaweka trei upande ule na mimi nasimama upande huu na aproni ya plastiki na glavu mpaka kwenye kiwiko. Kazi yangu ni kumwaga kilichobaki kwenye mfereji wa maji unaokwenda kwenye mashine ya kusaga, kisha sahani huku, glasi kule, vijiko kwenye maji ya sabuni. Mkanda hausimami. Ukichelewa trei zinapandiana. Mvuke unakuingia puani, nguo za ndani zinalowa, halafu ukimaliza unatoka nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na nywele mbichi. Baridi tuiache, kila mtu anaijua. Ninachotaka mkijue ni kile kilichoko kwenye trei. Pizza imeng'atwa mara moja. Tufaha zima halijaguswa. Kuku paja zima. Siku ya kwanza ulipokuja wali nlisimama, sahani imejaa wali mweupe mtu kaonja kijiko kimoja kaacha, na mimi nimelelewa na Bibi ambaye akimaliza kula anaokota punje zilizodondoka kwenye mkeka, moja moja, anasema hizi nazo zimepikwa kwa kuni. Nikaumwaga. Ilibidi niumwage, nyuma yake trei zilikuwa zinakuja. Sasa ile voisi ya shangazi ya kwamba jicho la Bibi la kulia haoni tena mwanga wa mlangoni niliifungua wakati wa mapumziko ya dakika 15 kwenye shifti hiyohiyo, mikono inanuka mabaki, nikarudi kumwaga chakula cha watu masaa mawili mengine. Kwa hiyo msiniambie simjui mwenye njaa.

Hesabu yenyewe ni hii, naiweka wazi mara moja ili isiulizwe tena. Viza yangu ni J-1, ile ya wanafunzi wa kubadilishana. Hairuhusu kufanya kazi popote nitakapo, nafanya ndani ya chuo tu, kwa ruhusa ya afisa anayesimamia wanafunzi wa kigeni, na masomo yakiwa yanaendelea nisizidi saa 20 kwa wiki. Nalipwa dola 15 kwa saa, sio 20. Kwa wiki mbili ni 600, kodi ikitoka nabaki na mia tano na kidogo, mia nne zinaenda kwenye deni la chumba maana niliomba nilipe kidogo kidogo. Mia na ushee ndo yangu ya wiki mbili, hapo kuna simu, vitabu, sabuni, pedi. Laki nne na nusu ni kama dola 175. Mtu anaweza kusema dola 175 si kitu Marekani. Kwangu mimi ni karibu mwezi wa kutogusa chochote.

Na ba'mdogo najua unachotaka kusema, ushakisema, kuna kijana wako Houston atanipokea, kazi za kulea wazee ziko nyingi, nitumie makaratasi ya mtu mwingine, mwezi wa tano programu ikiisha nizame tu nibaki kinyemela, au nijilipue kabisa niseme nimekimbia kwetu. Ba'mdogo nakuheshimu, ulinibeba mabegani kwenda kuangalia meli bandarini na sijasahau, ila hili hapana. Nikikamatwa nafanya kazi bila ruhusa programu inafutwa siku hiyohiyo. Ile ruzuku ya Austria inataka nionyeshe matokeo, nisipoonyesha naweza kudaiwa nirudishe. Na hiyo paspoti mnayoiona ni ya bahati, Mama aliingoja miaka 10 bila kosa hata moja, hata faini ya basi alikuwa anaiogopa, na siku ya kuipata ikabidi uraia wa Tanzania tuuache maana nchi zote mbili haziruhusu kushika mbili. Alilia jikoni siku mbili. Sasa mimi niende nikaichome Houston kwa kazi ya miezi sita?

Na hapa ndo kwenye kidonda changu, na najua Mama atanikasirikia nikikisema lakini nakisema. Mama hajawahi kuwaambia anafanya nini. Miaka 13 mnajua yuko "hospitali", wengine mmesema ni nesi, na yeye hakuwarekebisha. Anasafisha. Wodi, vyoo, ngazi. Anaamka saa tisa na nusu usiku, anatembea mpaka kituoni kwa sababu tramu ya kwanza inachelewa kuliko shifti yake. Goti la kushoto limeisha. Ile picha aliyowatumia kila Desemba, amesimama pembeni ya mti wa Krismasi na koti refu jeusi, ni koti lilelile miaka yote, angalieni vizuri kifungo cha pili kutoka juu kina rangi tofauti, nlimshonea mimi. Bati za nyumba ya Bibi, ada za watoto wote wa shangazi, msiba wa babu, ile pikipiki, vyote vimetoka kwenye hilo goti. Na alifanya kwa mapenzi, hakuna aliyemshika, sisemi mlimwibia. Nasema alinyamaza vizuri sana mpaka mkaamini huku pesa inaokotwa, na mimi sasa mnanidai kwa kipimo cha ukimya wake. Hata mimi nlikuwa sijui uzito wa hiyo kazi. Nilijua nilipovaa aproni ya kwanza huku, nikampigia simu nikamwambia Mama mgongo unauma, akasema weka mguu mmoja juu ya kitu, badilisha kila robo saa. Akajibu haraka vile, hakufikiria hata. Nikakata simu nikalia.

Kuna mama mmoja Msomali ana duka maeneo ya Cedar, Wasomali hapa Minneapolis ni wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, na wengi wamepitia Kenya kwa hiyo Kiswahili kipo. Ananiita mwanangu, ananiongezea sambusa. Nlimwambia haya yote juzi. Akasema yeye anatuma tangu aje, kosa lake ni kwamba mara ya kwanza alituma nyingi, na ukituma nyingi mara ya kwanza umejipangia bei mwenyewe. Halafu akahesabu noti zake akanionyesha za kutuma wiki hii. Bado anatuma. Hata yeye hawezi kuacha, na mimi najua sitaweza, na sitaki kuweza.

Mdogo wangu wa Form Six, uliyeniandikia pembeni ukaniuliza njia. Usije. Kwa njia ya Houston usije kabisa, ntakasirika na wewe. Marekani kama huna mtu wa kukulipia ada usiipe hata usiku mmoja wa kuiwaza. Lakini Austria sikukatazi, ada ya mgeni kutoka nje ya Ulaya ni euro 726 na senti 72 kwa semesta, huku hiyo hailipi hata mwezi wa bweni. Wanataka Kijerumani chenye cheti, na uonyeshe pesa ya kujikimu benki, na hiyo pesa ndo inayowashinda wengi, na usinitazame mimi wala Mama. Anza Kijerumani sa hivi hata kwa simu, Goethe-Institut ya Dar wanafundisha. Au maliza kwanza digrii hapo nyumbani, ndo uje kwa masters, akili imekomaa. Sijui. Nikiwaza wewe kusimama kwenye ule mkanda nasema baki, nikikumbuka profesa wangu wa maji ya ardhini anavyotupeleka maabara mpaka saa tatu usiku na anajua jina la kila mtu nasema njoo hata kwa kutambaa. Ukija ntakupokea, hilo la kupokewa usiwe na wasiwasi nalo.

Shangazi, pesa ya Bibi. Ijumaa napata mshahara, ntakutumia dola 90, zitafika jioni yake kwenye simu yako. Nyingine 85 Ijumaa ya wiki mbili mbele. Zikichelewa jua nimeumwa, sijabadilika. Laki nne na nusu kamili, hainunui kitu kingine, na usiigawe nusu ya kwanza ukisubiri ya pili, nenda kaongee na daktari aandike tarehe kabisa. Bibi asipelekwe na bodaboda akitoka kufanyiwa, chukueni bajaji, na mtu amshike mkono pale kwenye ngazi mbili za mlango maana ile ya chini imevunjika tangu nikiwa mdogo. Kaka wa Chumbageni, hiyo ngazi izibe wewe, saruji kilo chache hainihitaji mimi.

Ba'mdogo nisamehe kama nimepitiliza, kikubwa sijakuvunjia heshima.

Na mmoja wenu ampigie Mama leo, msimwombe kitu, mumuulize goti. Anatoka kazini saa nane mchana za kule, kwenu inakuwa saa kumi. Asipopokea mara ya kwanza anakuwa kwenye tramu, rudieni baada ya nusu saa.