Chinchila wawili "majike", mmoja kumbe dume: je, huyu mwingine ana mimba?

Ndugu, kwa nilivyokuelewa, ulichukua chinchila wawili, wale wanyama wadogo wagugunaji wenye manyoya mazito, ukihakikishiwa kwamba wote ni majike. Wamekaa kizimba kimoja miezi kadhaa, sasa umegundua mmoja ni dume, na jike ameanza kunenepa na hataki kushikwa. Unauliza kama ana mimba na kama ukimbonyeza tumbo utajua. Nimefuga wanyama hawa muda mrefu, na zaidi ya mara moja nimepokea majike waliokuja kwangu wakiwa tayari wamebeba bila aliyewaleta kufahamu. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya swali la mimba, watenganishe. Leo, si wikendi. Vizimba viwe viwili, na nyavu zake zisigusane. Kama bado hana mimba, utakuwa umeizuia. Kama anayo, utakuwa na tarehe ya kuanzia kuhesabu. Najua utamwonea huruma dume kubaki peke yake, lakini atazoea, mradi umpe nyasi, mahali pa kujificha na muda wako kidogo kila jioni.

Halafu hakikisha jinsia upya kwa wote wawili, kwa sababu makosa hapa ni mengi mno hata kwa wauzaji wenye uzoefu. Jike wa chinchila ana kinundu cha mkojo kinachochomoza, na mtu asiyejua akikiona husema ni dume. Usiangalie kinundu, angalia nafasi iliyopo kati yake na njia ya haja kubwa. Kwa dume kuna sehemu ya ngozi tupu inayoonekana wazi katikati. Kwa jike viwili hivyo vinakaribia kugusana. Mwangalie akiwa ameegemea kifua chako huku umemshika sehemu ya nyuma kwa kiganja kizima. Usimkwide manyoya, maana akiogopa huyaachia yakatoka mafungu mafungu.

Sasa mimba yenyewe. Chinchila hubeba kwa takriban siku 111, yaani karibu miezi mitatu na wiki tatu. Kwa mnyama wa ukubwa ule ni muda mrefu sana; panya humaliza kwa wiki tatu, sungura kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana watu hujidanganya: wanasubiri mwezi mzima, hawaoni tofauti, wanasema "hana kitu," wanamrudishia dume. Wewe hesabu kuanzia siku uliyowatenganisha, na usiseme hana mimba mpaka siku 120 zipite. Katika siku hizo zote mchukulie kuwa anayo.

Kuhusu kubonyeza tumbo: usifanye kabisa. Vidole visivyofundishwa vinaweza kuumiza kilichomo, na hata ukigusa kitu kigumu hutajua kama ni kitoto au ni kinyesi kilichojaa utumboni. Daktari wa wanyama anayewajua hawa wadogo anaweza kumpima kwa ultrasaundi bila kumuumiza. Eksirei husaidia baadaye, mifupa ya watoto ikishakomaa, na hapo huonyesha hata idadi yao.

Chombo chako nyumbani ni mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu. Weka bakuli juu yake, isome sifuri, mwingize, andika namba. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, saa ileile, kabla hujamwekea chakula cha jioni. Wiki za mwanzo hutaona kitu. Kuanzia kama katikati ya mimba uzito huanza kupanda, na mwezi wa mwisho hupanda kwa kasi. Ukumbuke kwamba kitoto kimoja huzaliwa na gramu 35 hadi 60 hivi, na kwa kawaida huzaliwa mmoja au wawili, mara chache zaidi. Kama jike wako bado mdogo, ataongezeka kwa sababu anakua tu, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tazama mwendo wa namba: anayekua, ongezeko lake hupungua kadiri anavyokomaa, mwenye mimba, ongezeko lake huzidi kadiri siku zinavyokwenda. Namba moja haikuambii chochote, namba za wiki sita zinakuambia karibu kila kitu.

Kuna dalili nyingine. Chuchu, ambazo ni sita, huanza kuwa nyekundu na ndefu na kuonekana katikati ya manyoya mazito. Unaweza pia kuokota kwenye sakafu ya kizimba kitu cheupe kigumu, chenye urefu wa sentimita mbili au tatu, kama kipande cha mshumaa. Hicho hutoka kwa jike baada ya kupandwa. Ukikiona andika tarehe, ingawa si hakikisho la mimba.

Jike wangu mmoja, niliyemwita Kito, alinithibitishia mwenyewe. Mimba ilipokuwa imeenda sana alianza kulala ubavu kwenye rafu ya chini, jambo ambalo hakuwa nalo, na ukikaa kimya mbele ya kizimba uliona ngozi ya ubavuni ikiinuka ghafla kisha ikatulia, mara upande huu, mara ule. Alikuwa akinigombeza kwa sauti kali kila nikiingiza mkono. Sikumlazimisha. Kwa hiyo huyo wako kukataa kushikwa kusikuumize moyo; mpime kwa kumwacha aingie bakulini mwenyewe, basi.

Umri ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako, kwa kuwa hukuutaja. Dume anaweza kupandisha akiwa na miezi mitatu au minne tu, na jike anaweza kushika mimba mapema vilevile, lakini mwili wake unakuwa haujakomaa kuzaa. Kama hajafikisha miezi minane, usisubiri dalili. Mpeleke kwa daktari mapema, ili ajulikane na uwe na mahali pa kukimbilia usiku akikwama. Kama wawili hao ni ndugu wa tumbo moja, mwambie daktari pia. Dawa ya kutoa mimba usijaribu kamwe kumpa mwenyewe. Kama unataka kuuliza kuhusu njia hiyo, ni mazungumzo ya wewe na daktari, na yafanyike sasa kabla mimba haijawa kubwa.

Chakula hakihitaji makuu. Nyasi kavu zisipungue muda wote, peleti zake za kawaida (chakula kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo), maji safi. Kuanzia nusu ya pili ya mimba mwongezee majani makavu ya alfalfa kwa ajili ya kalisi na protini, na uendelee nayo akinyonyesha. Usimlishe vitu vitamu wala matunda makavu kwa kumhurumia. Jike mwenye mimba anayeacha kula, hata kwa nusu siku, ni wa kupelekwa kwa daktari bila kungoja kesho.

Kizimba kiwe kifupi. Ondoa rafu za juu, maana tumbo likiwa zito huruka vibaya. Pima nafasi za nyavu kwa macho ya kitoto: huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno, na baada ya saa chache anakimbia na kupenya popote. Joto lisizidi nyuzi 25. Chinchila hawatoi jasho na joto huwaua haraka. Vumbi la kuogea, lile analogaagaa ndani yake kusafisha manyoya, liondoe tarehe ikikaribia, lisirudi mpaka kama siku kumi baada ya kuzaa, ili lisiingie kwenye njia ya uzazi.

Wengi huzaa alfajiri. Atajinyoosha, atalia kidogo, atajikunja na kumvuta mtoto kwa meno. Utaona damu puani na kwenye mikono yake. Usiogope, ndivyo wanavyozaa, na kondo la nyuma atalila. Kaa mbali. Lakini akikaza kwa nguvu zaidi ya saa moja bila mtoto kutoka, au akianza kulegea, huo si wakati wa kuuliza mtandaoni. Mpeleke.

Sasa ninalotaka ulishike kuliko yote. Jike wa chinchila huingia kwenye joto tena, yaani huwa tayari kupandwa, saa chache tu baada ya kuzaa. Wapo watakaokuambia umrudishe dume kwa sababu ni baba mzuri, huwafunika watoto na kuwapa joto. Ni kweli, madume wengi ni wapole kwa watoto. Lakini atampanda mama yao usiku uleule, naye atabeba mimba ya pili huku ananyonyesha ya kwanza. Niliwahi kupokea jike aliyepitishwa hivyo mfululizo: uti wa mgongo ulihesabika kwa kidole na manyoya yalikuwa yamefifia. Ilichukua muda mrefu kumrudisha. Usimrudishe dume mpaka awe amehasiwa, na hata akihasiwa bado ana mbegu kwa wiki kadhaa. Mwulize daktari lini ni salama.

Watoto wapime kila siku. Siku ya kwanza wanaweza kupungua kidogo, kisha waongezeke gramu mbili au tatu kwa siku. Wakigombana na kuumana usoni, au mmoja akibaki nyuma huku amejikunja mgongo, maziwa hayatoshi, na daktari atakuelekeza namna ya kumsaidia kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano yenyewe, matone kidogo kidogo, asije akavuta maziwa mapafuni. Wananyonya mpaka wiki sita hadi nane. Wakiachishwa, watoto wa kiume watoke kwa mama na kwa dada zao siku hiyohiyo, na jinsia zao uzikague mara kadhaa kabla ya hapo.

Leo usiku mpime, kisha uniandikie hapa namba uliyoipata, umri wake kama unaujua, na tarehe uliyowatenganisha. Tutapiga hesabu pamoja.