Kabla hujamlaumu mtumishi mpya, uliza funguo za kabati ziko wapi

Tabibu wa kwanza niliyempokea nikiwa mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikaa siku 19. Alishuka kwenye basi na begi la magurudumu, raba nyeupe na fulana nyepesi ya Dar, mwezi wa Juni. Wanaoijua Njombe ya mwezi wa Juni wameshaanza kucheka. Nikampa mkono, nikamwonyesha nyumba ya mtumishi ambayo dirisha moja lilizibwa na boksi badala ya kioo, nikamwambia kesho saa 1:30 tukutane kwenye ripoti ya asubuhi. Siku ya 20 tukakuta nyumba tupu, ufunguo chini ya jiwe. Kwa miaka kadhaa nilikisimulia kisa hiki nikilaumu vijana wa siku hizi. Siku hizi nakisimulia nikijilaumu mwenyewe.

Wafawidhi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na ninyi wajumbe wa kamati za usimamizi, tumezoea kusema kuajiri ni kazi ya wakubwa. Ni kweli kibali hakitoki kwetu. Majina yanatangazwa, mtu anapangiwa halmashauri, halmashauri inampangia kituo, sisi tunapigiwa simu kwamba kuna mtumishi yuko njiani. Ila kati ya kuripoti na siku mwili wake unapozoea mahali, yuko mikononi mwetu. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa kuingia kwenye mfumo, na posho ya kujikimu nayo ina siku zake. Mtu mgeni, hana hela, hajui hata pa kuchota maji, halafu tunashangaa akianza kuulizia uhamisho mapema.

Siku hizi nampigia kabla hajapanda basi. Namwambia ashuke Makambako anunue sweta na koti la mtumba, asisubiri huku. Kamati inaangalia kioo, kitasa na godoro. Tunaongea na mwenye duka ampe vitu kwa mkopo hadi mshahara utoke, na mimi nasimama mdhamini. Viazi sivihesabu, maana vinakuja vyenyewe. Akina mama wa kliniki wakisikia kuna mgeni, jioni kuna ndoo mlangoni. Haya yote hayafiki gharama ya semina ya siku moja ya mtu mmoja mjini.

Mara mbili halmashauri yetu imeajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani, nami nikaitwa kukaa kwenye usaili. Mara ya kwanza tuliuliza maswali ya darasani: taja dalili za kifafa cha mimba, eleza maana ya rufaa. Wote walijibu vizuri, na mimi sikuweza kuwatofautisha. Mara ya pili niliomba niulize swali moja tu. Ni saa 8 usiku, mama amejifungua salama, kondo limetoka, ghafla damu inamwagika. Uko wewe na mlinzi. Anza.

Dada mmoja alianza kunitajia dozi ya oksitosini, sindano ya kuzuia damu, sahihi kabisa, yuniti 10. Mwingine alinyamaza kidogo akasema, "Kwanza namwita mlinzi kwa sauti, aje na simu." Kisha mkono tumboni kusugua mfuko wa uzazi, sindano, drip, kibofu kitolewe mkojo, aangalie kondo kama limekamilika na kama kuna mchaniko, na mlinzi apige 115 gari la m-mama, usafiri wa dharura wa akina mama, lianze kuja. Huyo ndiye tuliyemchukua. Alama zake za cheti zilikuwa za kawaida. Nikimpima mtu wa kituo cha kijijini, naangalia kwanza kama anajua kwamba hawezi peke yake.

Jambo jingine nililojifunza kwenye usaili ni kuuliza mtu alikulia wapi, na kumsikiliza bila haraka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 kuhusu kubakiza watumishi maeneo ya vijijini, na pendekezo mojawapo ni kudahili vyuoni wanafunzi waliotoka huko huko. Mimi nimeliona kwa macho. Aliyekulia kijijini hashangai umeme ukikatika, anashangaa ukirudi haraka. Lakini msiifanye kuwa kanuni ya chuma. Muuguzi wangu bora kuliko wote alizaliwa Temeke, jijini Dar.

Sasa mafunzo, na hapa nina kisa ambacho sikipendi. Tulipata muuguzi mkunga mpya, binti makini, na kwa sababu tulikuwa wachache nilimpanga zamu ya usiku siku ya nne. Usiku huo mtoto akazaliwa halii. Binti alijua la kufanya. Alimkausha, akamsugua mgongo, akageuka kuchukua mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa. Kabati limefungwa. Funguo ninazo mimi, nyumbani, kwenye mfuko wa koti, kwa sababu mwezi mmoja nyuma vifaa viliibwa na mimi nikajiona kiongozi hodari wa kulinda mali ya umma. Mzee mlinzi alikimbia giza lote lile hadi kwangu akigonga, "Dokta! Funguo!" Wakati tunarudi, sista alikuwa akimpulizia mtoto kwa mdomo wake. Mtoto alilia. Leo yuko darasa la tatu. Wakunga wanaijua dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika 1 tangu azaliwe. Yule alipata pumzi za kinywa cha sista, vifaa vikiwa hatua 3 kutoka kitandani.

Kesho yake niliung'oa mlango wa kabati kwa bisibisi. Tangu siku hiyo mafunzo elekezi kwetu hayaanzii ofisini kwa kusoma miongozo. Yanaanza kwa mgeni kuzunguka kituo na karatasi tupu, achore mwenyewe: dawa ya kuzuia damu iko wapi, oksijeni iko wapi na nani anajua kuiwasha, taa ya akiba, mtungi wa gesi wa jokofu la chanjo. Akimaliza namzimia taa, namwambia aniletee mfuko wa kupulizia hewa. Anacheka mara ya kwanza. Na hakuna kulala zamu peke yake kabla ya wiki 6, hata ikibidi mimi mwenyewe nilale kituoni. Najua mtaniambia watumishi hawatoshi. Kwangu pia hawatoshi.

Kuhusu semina nitasema wazi, hata kama kuna watakaonuna. Mtu anaondoka siku 5, kituo kinabaki na pengo, anarudi na begi lenye nembo na cheti, na hakuna anayemuuliza alichojifunza. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, iliwahi kulipima jambo hili kwenye mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Baada ya kozi ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli wa mazoezi, lakini wodini, kwa watoto halisi, mambo hayakubadilika. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mikono ile ile na mdoli ule ule.

Sisi tulikopi. Mdoli wetu anakaa juu ya meza ya wodi ya wazazi, siyo stoo. Kila anayeingia zamu anampulizia kabla hajasaini. Aliyetoka semina naye ana Alhamisi yake, nusu saa kabla wagonjwa wa nje hawajajaa, anatufundisha kitu kimoja tu, kwa mikono. Akishindwa kutufundisha, tunajua semina ilikuwa ya namna gani.

Msisahau wasiovaa sare nyeupe. Mama yetu wa usafi alikuwa anakadiria Jik kwa harufu. Ikimwasha pua, imekolea. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Nilikaa naye kwenye karo na kikombe cha plastiki: Jik ya asilimia 3.5, kikombe 1, maji vikombe 6, ndipo unapata asilimia 0.5 ya kusafishia vifaa na sakafu yenye damu. Akaweka alama ya rangi ya kucha kwenye ndoo ili asihesabu kila siku. Sasa wageni wote, hata matabibu, wanafundishwa na yeye kuchanganya Jik na kutenganisha takataka za ndoo nyekundu, njano na nyeusi. Anajua kugomba, na anayetupa sindano kwenye ndoo badala ya kisanduku chake cha usalama ataitwa mbele za watu.

Vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za wagonjwa, navyo nawafundisha kwa mgonjwa aliyepo, siyo kwa mfano wa ubaoni. Ukimkuta mtu anajaza kitabu namba 12 Ijumaa kwa kukumbuka waliojifungua Jumatatu, ujue hakuna aliyemwambia namba zile zinatumika kupanga mahitaji ya kituo.

Tangu Januari 2024, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5, vituo vyetu vimepata kazi nyingine ya kulea watu. Mafunzo yao ni miezi 6, na sehemu ya vitendo inatuangukia. Kwenye mkutano wa kijiji wa kuwachagua, pembeni mtasikia majina ya ndugu wa mwenyekiti. Msigombane hadharani. Mimi nilisimama nikauliza akina mama: usiku mtoto akiwa na degedege, mlango wa nani mnagonga? Walicheka wakamtazama mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa.

Na watakaoondoka, waacheni waondoke vizuri. Nilikuwa nakalia barua za uhamisho, nikidhani nabakiza mtu, kumbe nabakiza hasira. Sasa nasaini, kwa sharti moja: aandike kurasa zake kwenye daftari la makabidhiano kabla ya kupanda basi. Limeshajaa daftari la kwanza. Kuna bodaboda gani anakubali kutoka usiku wa mvua, mama gani ana kovu la upasuaji na analificha akija kliniki, mzee gani hamezi dawa mpaka mkewe awepo. Ukurasa wa sista wa Temeke umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Umeme ukikatika, msifungue jokofu la chanjo kuangalia kama bado lina baridi. Someni kipimajoto cha nje, mwandike, kisha mkalihamishie kwenye gesi. Na Dokta asiachiwe funguo."