Siki ya tembo haishiki ukali: usinunue pipa bado

Ndugu wa Wete, umesema tembo lako la mnazi limekaa wiki tatu kwenye dumu la lita 20 na siki haishiki ukali, sasa unataka pipa. Pipa halitakusaidia. Kasoro ni mdomo wa dumu: bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki wanataka hewa, na pale hewa haifiki.

Tafuta ndoo ya plastiki ya chakula yenye mdomo mpana, lita 10. Sufuria ya alumini usiitumie, siki huila. Tembo liache lichachuke siku 4 au 5 mpaka povu lilale, lichuje, kisha tia lita 6 pamoja na lita 1.5 ya siki hai isiyochemshwa. Funika kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili, ufunge kwa raba. Ukitumia chandarua, vijidudu vya matunda vitapenya na utakuta mabuu.

Utandu laini ukitanda juu usiuvunje, wala usikoroge. Ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga yote.

Na mgema muulize kama ametia maji (methali unaijua), maana tembo jepesi hutoa siki nyepesi.

Ikishakuwa kali usiiache wazi. Bakteria walewale huanza kuila asidi na siki hupooza. Ipashe moto nyuzi 65 kwa dakika 10, uijaze chupani hadi shingoni. Pesa ya pipa nunulia kipimajoto.