Mbona boksi langu limegandia juu?

SWALI: Mambo vipi, natengeneza ukurasa wa kulogin kwa HTML na CSS (lugha ya kupanga muonekano wa ukurasa). Kwenye divu ya nje (div, kile chombo cha HTML kinachobeba vitu vingine) nimeandika display: flex, justify-content: center na align-items: center, boksi limekuja katikati vizuri kwa kushoto na kulia ila limegandia juu kabisa halishuki. Halafu ndani ya boksi nikaweka flex-direction: column ili vitu vipangane kwenda chini, nikaongeza na justify-content: center, sasa kitufe kimetanuka upana wote. Shida nini jamani?

JIBU: Poa kabisa. Kwanza hiyo mistari mitatu ya nje iko sawa usiifute, tatizo ni kwamba divu yenyewe haina kimo. Divu ukiiacha hivi hivi inachukua upana wote inaoupata lakini kwenda chini inaishia pale vitu vya ndani vinapoishia, kwa hiyo boksi lako liko katikati kweli, ila katikati ya nafasi ambayo haipo! Ipige outline: 1px solid red uone, mstari mwekundu utakuwa umelibana boksi juu na chini. Sasa iwekee min-height: 100vh, yaani kimo kisichopungua skrini nzima, boksi litashuka hapo hapo. Kwenye simu ukiona inazidi kwa sababu ya ule upau wa anwani wa brauza basi tumia 100dvh, inayofuata sehemu ya skrini inayoonekana wakati huo, na body ipe margin: 0 maana brauza huipa pikseli 8 bila kuombwa, ukurasa unaanza kuskroli bure. Ila iwe min-height, sio height, kwa sababu fomu ikizidi skrini sehemu ya juu inapotelea nje na hata uskroli vipi huifikii.

Hilo la kitufe sasa. Wengi wanakariri kuwa justify-content ni ya kushoto-kulia, wapi, yenyewe inafuata uelekeo uliochagua. Ukishaandika column inahamia juu-chini, na kushoto-kulia inabaki kazi ya align-items, ambayo wewe ndani ya boksi hukuigusa kwa hiyo imebaki stretch (tanua), ndo maana kitufe kimetanuka. Ukiweka align-items: center kitakaa katikati lakini na sehemu za kujaza jina na nywila zitasinyaa, inakuwa mbaya kweli, mimi ningeziacha zitanuke halafu kitufe peke yake nikipe align-self: center.