Dawa ya magugu haitapungua
Ndugu, umeandika kwamba soya iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili dawa ya magugu itampunguzia mkulima unyunyiziaji. Napinga kuidhinishwa kwake, kwa sababu Marekani, ambako soya ya kustahimili glaifoseti, dawa mojawapo ya magugu, iliuzwa tangu 1996, mambo yalikwenda kinyume. Kufikia 2005 ilithibitishwa katika jimbo la Georgia kwamba aina moja ya mchicha pori (naam, jamaa wa mboga yetu), unaorefuka kumpita mtu na kutoa mbegu laki kadhaa kwa mmea mmoja, imekuwa sugu kwa glaifoseti, na watu wakarudi kuung'oa kwa mikono katika mashamba ya pamba, nayo iliyobadilishwa kama soya. Badala ya kusita, zikaidhinishwa mbegu za kustahimili dikamba, dawa nyingine ya magugu, ambayo mwaka 2017 ilipeperuka hadi kwa majirani wasiozipanda, majani ya soya yao yakajikunja kama vikombe.